Kamba Chini ya Gomesi

Tarehe ishirini na tano, mwezi wa nane,
mama yangu Adikini huamka kabla ya king'ora cha kiwanda,
hufagia vumbi la saruji lililolala kizingitini,
hufagia akijua kesho litarudi,
kisha hufunga kamba.

Kamba ya mafundo matatu,
miaka kumi na tisa kiunoni.
Juu yake gomesi ya zambarau, mabega yamesimama wima,
juu ya gomesi mshipi unaong'aa kama wa bibi harusi.
Ukikutana naye njia ya Tororo mjini
utasema huyu anakwenda kula karamu.
Kamba huijui. Kamba ni siri ya ngozi yake na Mungu.

"Hata mfalme," huniambia, "juu alivaa joho,
ndani shati la manyoya ya mbuzi likimwasha."
Humtaja Ludoviko kama mtu wa ukoo wetu
aliyehamia mbali akasahau kuandika barua.
Mfalme wa Wafaransa, msimamizi wa Utawa wa Tatu,
utawa wa wasio mapadre wala masista,
wenye waume walevi, wenye karo za shule,
wanaopima dagaa kwa kikombe sokoni
na Ijumaa wanafunga.

Picha yake imebandikwa juu ya gunia la wimbi:
taji, mashavu meupe, shingo nyembamba ya mtu asiyelala.
Panya wamekula kona moja ya ufalme.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilimletea kesi.
Mama, nimesoma. Huyu alivuka bahari na mapanga
kwenda kuwapiga watu wa dini ya Mzee Hamuza,
Hamuza huyu huyu anayetukopesha chumvi.
Na vitabu vya Wayahudi vilichomwa chini ya utawala wake,
mikokoteni kwa mikokoteni.
Mama hakujibu. Alichambua maharage,
jiwe baada ya jiwe, akiyatupia kuku mlangoni.
Kisha: "Alifia wapi?"
Tunisi, nikasema. Afrika hii hii. Tumbo la kuhara.
"Alilala juu ya nini?"
Juu ya majivu. Aliomba mwenyewe alazwe juu ya majivu.
"Basi," akasema, akaenda kuchota maji.
Mpaka leo sijui kama ile "basi"
ilifunga mlango au iliufungua.

Mwaka huu ndugu wa Utawa walikuja wanane.
Mzee Hamuza naye akaja, akitania tangu uani:
"Kuku nimemchinja mimi, paja ni langu,
na mfalme wenu nimemsamehe hadi saa kumi."
Lakini kiti cha mbele, chenye mto,
mama alimkalisha Owori,
Owori aliyeng'oa mabati sita ya sakristia,
usiku, msimu wa mvua, bila hata kuficha ngazi.

Maji ya kunawa akammwagia yeye kwanza.
Nyama akampakulia yeye kwanza.
Mweka hazina, Bwana Oketcho,
akakohoa kile kikohozi chake cha kikao.
"Mfalme alikula mwisho," mama akasema, hakumtazama mtu,
na Oketcho akakunja kitambaa chake mara nne.

Owori alikula kichwa chini, upesi,
kama mtu anayeiba tena.
Mama alipoinama kuokota kijiko mshipi ukalegea,
nikaiona ncha ya kamba:
imeshakuwa rangi ya maji ya kunde,
na katika fundo la tatu
umenasa unga mwembamba wa kiwanda,
mweupe, laini, kama majivu.

Mabati hayajarudi.
Mama hajauliza.
Jumapili mvua iliponyesha katikati ya misa
alitoka benchini, akaingia sakristia,
akatega chini ya tobo sufuria ile ile ya karamu,
akabaki amesimama, anaisikiliza ikijaa.