Chumba cha Giza, Soroti

Nafunga mapazia ili moyo uonekane.
Umeme ukikatika, betri ya jua hunipa dakika arobaini,
nazo nazigawa kama chumvi ya mwisho wa mwezi.

Kwenye kadi zao, mwandiko mmoja:
Moyo umeshindwa.
Asekenye, aliyejifungua wiki sita zilizopita.
Ekwaru, mfyatua matofali wa Arapai.
Miguu ileile: ukibonyeza kidole, shimo linabaki.
Wote hulala wameketi,
yeye kwa mito ya dada yake,
Ekwaru kwa gunia la mihogo.

Nampaka Asekenye ute baridi chini ya titi lililojaa maziwa.
Anashtuka. Namwomba radhi.
Kwenye kioo chumba cha kushoto kimetanuka,
kibuyu kilichozidiwa maji;
ukuta unatikisika tu, haupigi.
Nauacha mwandiko wa daktari,
pembeni naongeza: kwa sasa.

Ekwaru, vuta pumzi. Shikilia. Achia.
Wake unapiga, jamani, unapiga vizuri!
Ila hauna pa kupanukia.
Ngando iliyouzunguka imekuwa nene, imekakamaa,
na kila avutapo pumzi
ukuta wa kati unayumba kushoto.
Namuuliza kikohozi cha mwaka juzi.
Dawa za miezi sita, alimeza za miwili.

Nakata neno kwenye kadi.
Haukushindwa huu. Umefungwa.

Anauliza kama wa kuufungua yuko Soroti.
Yuko Kampala, namwambia.
Anahesabu nauli kwa vidole;
vikimwishia, anaanza upya.