Agizo la Mubariz

Alifika Lahij siku ya theluji nyepesi,
viatu vya Baku vikiteleza juu ya mawe ya barabara,
mchoro umekunjwa kwapani.
"Nifulie hiki."
Mirvari akafuta masizi kwa kiwiko, akatazama.

Tandiko. Lakini si la farasi:
kila mahali limepinda sawasawa na pengine,
mbele na nyuma likipanda, ubavuni likishuka,
wala halina ukingo, halina mwisho,
laenda tu.

"Kaa," akamwambia. "Chai ipo."

Akatwaa bati la shaba, bapa,
akaligonga katikati, ko, ko, ko.
Tumbo likatanuka, pembezoni pakabana,
bakuli likajifura lenyewe.
"Sikuliambia liwe bakuli.
Kila nukta niliinong'oneza neno moja: binuka.
Nukta haijui bakuli ni nini.
Inawajua jirani zake, basi."

La pili akaligonga ukingoni.
Ukingo ukarefuka kupita nafasi yake,
ukaanza kuyumba, huku juu, huku chini,
kama jani la nje la kabichi.

"Sasa sikiliza, bwana.
Nikiamuru mbinuko mmoja kila mahali,
nisikome, nisiache mshono,
shaba itajizunguka mpaka ijifunge,
na nitakachobaki nacho mkononi ni tufe.
Si yai. Si boga.
Nimewahi kujaribu kuidanganya nikiwa na miaka kumi na sita;
niliharibu mabati matatu na jina langu sokoni.

"Hili lako lapinda kinyume.
Kila hatua yadai shaba zaidi ya hatua iliyopita,
na nafasi itakwisha kabla ya amri kwisha.
Mahali fulani litatoa makali kama wembe,
hapo litagoma.
Usilaumu mkono wangu.
Mlete fundi yeyote, atagomewa palepale."

Mubariz akaviringisha mchoro ukawa bomba.
(Sisimizi akitembea juu ya karatasi ile
angepima pembetatu zake asijue kitu.)
Akanywa chai iliyopoa.
"Nimelifundisha jambo hili miaka kumi na tisa," akasema,
"kwa chaki.
Nilitaka kulisikia kwa mtu
aliyelipiga nyundo."

Mirvari hakujibu. Kopo lilikuwa limeanguka toka mezani,
limebonyea shavu.
Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha:
palipozama, pembeni pamevimba kulipa,
na kishikio chadai sehemu yake tangu zamani;
ukijumlisha yote, juu na chini, ndani na nje,
unapata sifuri ileile ya jana.
Akalirudisha rafuni na bonde lake.

"Nifulie hata hivyo," akasema mwalimu. "Mpaka litakapogoma."

Wiki mbili baadaye, ndani ya basi la kushuka bondeni,
kifurushi magotini, gazeti mara tatu,
bado aliyahisi kwa kidole gumba yale makali,
pale amri ilipoishiwa na dunia.
Akabonyeza kidogo.
Akabonyeza tena.