Ampea Themanini

Gari lako lilizaliwa na ampea themanini.
Nakwambia mapema, Twahir, tusije tukagombana:
themanini, tena za kiwandani, likiwa jipya,
kabla halijashushwa Kilindini
likaanza kulambwa na chumvi yetu.

Toa za pampu ya petroli. Toa za taa, za feni,
za wipa mvua za Mei,
toa za kiyoyozi, ambacho hutakizima, nakujua,
jua la Mwembe Tayari saa nane halitaki ushujaa.
Kilichobaki ndicho chako.
Na hicho ndicho unachotaka kibebe hili?

Ulilishika boksi kifuani
kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wiki.
Wati elfu mbili, kwa rangi ya dhahabu.
Boksi halina haya. Karatasi huandikika lolote.
Zikiwa mia tano tu, lakini za kweli,
zitakula ampea zapata sitini,
na hapo hujawasha hata indiketa.

Ukasema harusi ya dada yako ni Ijumaa.
Ukasema gari la mbele ndilo hili.
Ukasema Kisauni nzima imeshaahidiwa.

Mlangoni pa kibanda changu pana ubeti,
niliupaka mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya bampa:

*Usione king'aracho, ukadhani kina nguvu,*
*Pima kwanza ulonacho, kupima kuna wokovu,*
*Waya huungua kwacho, ukageuka majivu,*
*Kamba ina pake pacho, hukatikia pabovu.*

Uliusoma ukingoja soda.
"Tamu," ukasema, ukarudi kwenye simu.

Nikafunga. Ningefanyaje?
Mteja hushauriwa, hakatazwi,
na kodi ya kibanda ni tarehe tano.
Tukajaribu usiku, mita mkononi:
kumi na nne na nukta. Dum.
Kumi na mbili. Dum.
Kumi na moja na kitu,
na taa za mbele zikainamisha kichwa
kama mtu aliyetajiwa deni mbele ya wakwe.
Wewe ulikuwa umefumba macho, unatabasamu.

Ijumaa, saa tatu usiku, simu:
"Fundi, limezima."
Nilikukuta Kongowea, boneti wazi,
msafara wote nyuma yako unapiga honi,
spika mbili pana kama sahani za biriani
hazina hata pumzi ya kuguna.
Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema;
kumbe lililojaa sumaku hunyamaza.

Na hapo ndipo shangazi yako Mwanajumbe
aliposhuka gari la tatu, buibui amelikusanya mkononi,
akaomba kijiko kwa muuza viazi karai,
akaanza kugonga kifuniko cha sufuria.
Mmoja akaitikia. Kisha watano. Kisha barabara.
Vigelegele vile vilitoka kwenye betri gani
sijui, sikuwa na mita ya kuvipima.
Wewe ulinimulikia kwa simu nikiunga waya,
na mkono wako ulikuwa unacheza kwa mdundo
bila wewe kujua.

Jumatatu ulirudi. "Punguza," ukasema, ukitazama pembeni.
Tukatoa spika moja. Geini nikaishusha.
Waya mnene toka alteneta hadi betri,
na ule wa ardhi, ambao kila mtu huusahau,
nikaukwangulia rangi ya bodi
mpaka chuma kikanitazama.
Nikawasha. Kumi na tatu na nukta nane.
Dum. Kumi na tatu na nukta sita.
Taa hazikusinzia.

Ulipoondoka nilikaa kidogo na mita mapajani.
Kuna karo ya Saumu, kuna friji ya dawa za mama,
kuna shemeji aliyekuja kwa wiki moja tangu Ramadhani.
Nilizishika zile ncha mbili, nyekundu na nyeusi,
nikazikutanisha, zikasoma sifuri, kama zipasavyo.
Nikazikunja.
Kulikuwa na gari jingine linangoja,
na mwenyewe amebeba boksi.