Muuguzi wa Pili

Alizaliwa Bronisława Pietrzak, Hamtramck, Michigan,
nyuma ya duka la soseji la babu.
Wakala wake kule Burbank akalipunguza jina
kama fundi apunguzavyo suruali ya marehemu:
Bonnie Pearce. "Lienee kwenye bango," alisema.
Miaka thelathini na minane.
Bango halikupatikana.

Shangazi alikuwa muuguzi wa pili.
Wa kwanza alipendwa na daktari.
Wa pili alishika faili, akafungua mlango, akasema,
"Daktari yuko tayari kukuona,"
na mlango ukammeza.

Alikuwa pia mke wa sherifu,
karani wa posta, mtawa mwenye kikohozi,
jirani aliyesikia risasi lakini hakuona kitu,
mjane, mjane, mjane.
Mara moja alikuwa maiti:
saa tano nzima juu ya bamba la chuma, asipepese ukope.
"Ndiyo siku pekee," alituambia, "niliyolipwa kwa kulala."

Nyumbani tulimvizia kama watu wavizievyo mwezi mwandamo.
Baba alipiga meza: "Kimya! Huyo! Huyo!"
Ukipiga chafya, umemkosa.

Hakuolewa.
Au tuseme aliolewa mara kumi na nne,
kila ndoa ikavunjwa na tangazo la sabuni.

Dukani, kwenye foleni ya viazi,
wanawake walimkazia macho: "Tulisoma pamoja?
Wewe si dada yake Marge?"
Alijibu ndiyo.
Akauliza habari za watoto, za goti la mume,
akasubiri majibu yote mpaka mwisho.
Nilipomkemea akasema, "Amefurahi kuniona.
Unataka nimnyang'anye?"

Nilimkuta mara moja bafuni, mlango wazi,
akiisema ile sentensi yake mbele ya kioo.
Maneno manne. Aliyasema kwa mtu mwenye saratani,
kisha kwa mtu mwenye mafua,
kisha kwa mtu aliyekuja kumdai daktari pesa.
Sikujua kabla ya hapo
kwamba maneno manne yana vyumba.

Hospitali ya Glendale, Februari, mvua.
Muuguzi, binti wa Kifilipino aitwaye Marivic,
akachungulia na faili lake:
"Daktari yuko tayari kukuona."
Shangazi akafumbua jicho moja.
"Usiikimbilie hiyo 'kukuona.' Mgonjwa anaogopa.
Mtazame kwanza, ndipo useme."
Nikaona aibu. Lakini binti akatoka,
akaingia upya, akamtazama,
akasema.
"Hapo," shangazi akanong'ona. "Hapo umeipata."

Hundi bado zinakuja.
Ya juzi ilikuwa ya senti kumi na saba:
mahali fulani, saa nane za usiku, katika lugha nisiyoijua,
mtu asiyepata usingizi
amefunguliwa mlango.
Stempu peke yake imegharimu zaidi.