Sifuri na Kistari

Redio imesema asubuhi, saa moja na nusu:
Kilimanjaro, Arusha na Manyara,
mvua za vuli, wastani hadi juu ya wastani.
Kisha wakaweka tangazo la saruji.

Eliapenda akaacha kuchagua kahawa,
punje mbovu bado iko kidoleni:
"Wastani ndio nini? Wastani wa nani?"

Nikanyamaza, kwa sababu namjua.
Wastani ni baba yangu
akipita mgomba kwa mgomba, viatu bila kamba,
kwenda kwenye kopo la shaba nyuma ya kanisa
kutazama usiku umeacha nini.

Miaka thelathini na mmoja.
Anamimina kwenye bilauri nyembamba,
anainama mpaka jicho lilingane na maji,
anaandika. Nne nukta mbili. Kumi na moja.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Na sifuri aliiandika kwa heshima ileile,
duara kamili, kama mtu anayefunika chungu.

Nikiwa mtoto nilimuuliza:
kama hakuna kitu, si uache wazi?
Akasema, sifuri ni mtu aliyekwenda,
akatazama, akakuta pakavu.
Asipokwenda mtu, weka kistari.
Usimsingizie Mungu ukame
kwa uvivu wako wa kuamka.

Tangu juzi upepo umegeuka, unatokea Taveta,
unapindua majani ya migomba tumbo nje.
Kule chini miwa ya TPC imepotea,
Nyumba ya Mungu imefutika kama neno ubaoni,
ila Moshi mjini kungali na jua,
mabati yanamemeteka kana kwamba hayakuambiwa.

Dalili ya mvua ni mawingu, husema watu wa tambarare.
Hapa Kidia wingu ni jirani:
huingia bila hodi, hushinda kutwa,
huondoka hata chai hajaonja.
Siliamini wingu. Naamini siafu wanaohama na wana wao,
naamini goti la kushoto la Fanueli mchoma matofali,
ambaye tanuri lake halijashika moto sawasawa
na leo hamsalimii mtu.

Tone la kwanza likapiga turubai.
"Shika pembe hiyo! Shika, unashangaa nini?"
Tukaifunika kahawa kama mtoto aliyesinzia wageni wakiwepo,
na Eliapenda, maji yakimchuruzika kidevuni,
akauliza itanyesha hadi lini.
Wastani, nikamwambia.
Akanitukana kwa Kichagga, akacheka.

Usiku kucha, bati.

Saa tatu natoka na viatu vyake; nimevitia kamba.
Bilauri inajaa, namwaga. Inajaa, namwaga.
Ya tatu nayo. Ya nne haifiki ukingoni.
Thelathini na saba nukta sita.
Nampigia Kishimbo wa ofisini, anasema rudia,
narudia, anasema haya.

Halafu nafungua daftari la zamani,
lile la jalada lililotafunwa na mende,
ukurasa wa Aprili.
Tarakimu zake zimeinama kama watu wapandao mlima na mizigo.
Tarehe kumi na tisa: kistari.
Nilikiweka mimi.

Ilinyesha usiku ule, ilinyesha sana,
waliomrudisha kutoka hospitali walifika
na tope hadi magotini, machela imelowa,
na asubuhi kopo lilikuwa limejaa, bila shaka lilikuwa limejaa,
lakini hakuna aliyekwenda kutazama.
Ningeweza kukisia. Nani angejua?
Niliweka kistari.

Jioni redio itasema tena wastani,
na mimi nitasikia, ndani ya neno hilo,
asubuhi zake zote zikitembea
na moja iliyokosekana.

Nje, Eliapenda anakung'uta turubai.
Anaita: leo je, leo watasemaje?
Upepo bado unatokea Taveta.
Mwambie Fanueli, namjibu, afunike matofali.
Daftari nimelianika karibu na jiko.