Dakika Thelathini na Tano

Wote huuliza, hata waliokwisha kwenda mara ishirini:
Apia hadi Pago Pago, ni mbali?
Nami, jicho kwenye mizani, nawajibu kwa mazoea:
kilomita mia na thelathini hivi, maji matupu,
dakika thelathini na tano, upepo usipokuwa na neno,
na siku moja. Kurudi nyuma.

Wageni hucheka. Hutazama tiketi, kalenda ya ukutani, tena tiketi.
Unaondoka Jumatano, unafika Jumanne.
Mstari umepita hapo katikati, nawaambia,
hauna boya wala bendera,
rubani huuvuka huku akitafuna ndizi.

Ndege yetu ni ya viti kumi na tisa,
kwa hiyo napima watu kama wengine wapimavyo chumvi:
panda, simama wima, usishike ukuta.
Najua uzito wa mchungaji na wa mkewe,
najua nani kanenepa tangu Krismasi,
na yote nimeyafungia kifuani.
Mizani haina adabu; mpimaji anayo.

Nilikuwapo mwaka ule nchi iliporuka Ijumaa nzima.
Tulilala Alhamisi, tukaamka Jumamosi,
na bosi akanilipa ujira wa siku nisiyoitolea jasho.
Mwanangu Ioane alilia. Ijumaa ile ndiyo aliyozaliwa.
Aliingia miaka sita kama mtu arukaye mtaro,
mguu haukugusa chini.

Basi nilidhani nimezoea.

Jumatano hii kaja Taialofa wa Lotofaga,
begani mkeka wa msiba,
mama yao aliusuka miaka mitatu, chane nyembamba kama unywele.
Yeye, kilo sitini na nane. Mkeka, mbili na nusu.
Hakuuliza umbali. Aliuliza,
"Nitafika siku gani?"
"Jumanne," nikasema. "Saa mbili na dakika thelathini na tano, asubuhi."

Akanyamaza. Akahesabu kwa vidole,
vidole vyeusi kwa utomvu wa majimbi.
"Simu ililia Jumanne. Saa kumi na moja jioni.
Nilikuwa naanua nguo.
Wakasema, kaka yako Fetuao amekata roho sasa hivi,
hapa kiwandani, katikati ya makopo ya samaki."
Kisha polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa unyayo mmoja:
"Basi nitafika kabla."

Ningemwambia nini? Kwamba kule ilikuwa Jumatatu bado?
Kwamba kalenda ni mbili na maiti ni mmoja?
Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na haikufaa kitu.
Siku hazigandi, dada, nilitaka kusema,
na hata zikirudi nyuma, zinarudi na yaliyomo.

Kwenye fomu niliandika: mzigo, sifuri.
Mkeka ukapita bila kulipiwa.
Nikampa kiti cha dirishani, nyuma ya rubani,
na ndege ikapaa, ikawa nzi, ikawa hakuna.
Waliofuata foleni niliwaambia wangoje.
Kwa dakika thelathini na tano sikupima mtu.

Jioni ile, saa kumi na moja, Jumatano yetu,
Jumanne yao,
nilijikuta nimesimama mbele ya simu ya ofisini,
funguo mkononi, taa nimekwisha kuzizima.
Haikulia.
Nikaifunika mizani kwa turubai.