Unapendekezwa, Si Lazima

Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mtihani,
chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
*Uzoefu wa kazi wa miezi tisa
unapendekezwa, si lazima.*

Nimelisoma neno hilo kwenye basi la alfajiri,
Wolverhampton, dirisha limeota ukungu.
Unapendekezwa.
Neno lina *penda* tumboni mwake.
Matangazo ya kazi hayana penda.
Cheti: lazima. Miaka miwili: lazima.
Asiye navyo asitusumbue.

Shekue, aliyeniachia kitabu hiki,
ananipigia simu kutoka Walsall:
"Tunu, usiuingie mtihani na mikono mikavu.
Fanya kazi kwanza. Karatasi bila mkono
ni kofia juu ya msumari."
Kazi ipi? nikamuuliza.
Akakohoa.
Yeye alianza zamani, walipoajiri
yeyote aliyejua kitufe cha kuwashia.

Na Kiran wa ghorofa ya chini, miaka kumi na tisa,
ana vyeti vitatu na hajawahi kufungua kasha la kompyuta.
Juzi alinigongea: printa ya mama yake imenuna.
Nikachomoa waya, nikahesabu hadi thelathini, nikachomeka.
Akanitazama kana kwamba nimesoma dua.
"Hiyo ipo sura ya tano," akasema.
"Nilipata alama zote."

Uzoefu umezaliwa na kuzoea.
Haya, mimi nimezoea nini?
Ghala lenye baridi ya kuuma meno.
Buti zenye chuma vidoleni.
Kuitwa Tuna, kama samaki wa kopo,
nami moyoni nauliza: tuna nini?
Nimezoea skana zinazokufa saa nane usiku,
Darren akimpigia fundi, fundi amelala,
kisha akinijia bila kunitazama usoni:
"Fanya kile kitu chako."

Kile kitu changu:
kutafuta anwani mbili zilizogongana,
kufuta moja, kuirudisha skana mtandaoni,
kuipangusa vumbi la maboksi.
Mara arobaini na moja tangu Januari.
Nimeziandika kwa penseli nyuma ya risiti
maana hakuna mwingine anayeziandika.
Kwenye hati ya mshahara mimi ni mpakiaji.

Basi hiyo miezi tisa huanza kuhesabiwa lini?
Siku unayovishwa beji,
au usiku ule mashine inapoanza kukusikiliza?
Mama yangu, kule Korogwe, alikwisha kuzalisha nusu ya mtaa
semina ya ukunga ilipofika na fomu zake.
Wakamuuliza ana uzoefu gani.
Alicheka hadi mtandio ukamdondoka,
halafu akakaa mstari wa mbele
na akaandika kila kitu.

Nisijidanganye, lakini.
Sura ya tisa imenishinda.
Kukata mtandao mmoja vipande vipande,
sifuri na moja, sifuri na moja,
ghala halikunifundisha hesabu hiyo
na skana haikuwahi kuniuliza.
Kiran anakuja Jumapili, anakaa jikoni,
anachora visanduku kwenye bahasha ya bili ya gesi,
anakula maandazi yangu sita,
ananiambia, "Tena. Umekosea tena."
Ana subira kuliko sura yake.

Ada ni mishahara ya usiku tatu,
na usiku wa nne kasoro nauli.
Jana nimelipa.
Fomu ilikuwa na kisanduku: *miaka ya uzoefu*,
na pembeni yake kinyota, si lazima kujaza.
Nikakitazama kinyota muda mrefu.
Nikaandika arobaini na moja.
Mashine ikakataa, ikasema namba ni kubwa mno.
Nikaacha wazi.

Ni Jumanne, saa nne asubuhi,
nitatoka zamu moja kwa moja na buti zangu.
Shekue nimemwambia Jumatano.